Maji ya Jana Kwenye Mashine

Kanisani kwetu mtu aliyeugua hupewa dakika tano asimame atoe ushuhuda, na watu husubiri ile sehemu ya mwisho anaposema kwamba alipona. Nimeitwa mara mbili, mara mbili nikakataa. Ushuhuda wangu bado hauna sehemu hiyo. Nina vidonge vya miezi kadhaa mbele yangu, na mapafu niliyo nayo hayatageuka kuwa mapya. Lakini ile hali mbaya kabisa imepita. Ninalala bila kuegemezwa mito minne, ninapanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati, na nimeona niandike sasa kabla sijaanza kujidanganya kuhusu ilivyokuwa. Ninamwandikia mtu mwenye kifua kibovu ambaye ana mashine ya unyevu kando ya kitanda na anaipenda. Soma hadi mwisho, hata ukiniona mkali. Ndivyo nilivyo.

Naitwa Daforoza. Sisi ni Warundi, lakini mimi nililelewa kambini, Kigoma, na Kiswahili changu ni cha huko. Utotoni nimonia ilinipata mara tatu. Ile ya tatu ilikaa sana, majirani wakaanza kumpa Mama pole kabla ya wakati. Nilipona, ila kifua hakikurudi sawasawa, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kukohoa asubuhi kama mzee wa tumbaku.

Kuhusu Mama lazima niseme jambo moja mapema, kwa sababu ndilo lililotuponza. Kambini Mama alikuwa msimamizi wa bomba. Maji yalifunguliwa saa chache asubuhi na saa chache jioni, na mtu mmoja alichaguliwa kupanga foleni ya madumu. Mama alivaa filimbi shingoni miaka kumi na moja. Kanuni yake ilikuwa fupi: maji hayamwagwi. Ukimwaga, hata kwa bahati mbaya, unarudi mwisho wa foleni. Nilipokuwa na miaka tisa niliteleza kwenye tope, nusu ndoo ikaenda. Akapuliza filimbi, akaninyooshea kidole hadi kule nyuma, mimi mtoto wake wa kumzaa, mbele ya watu wote. Bomba likafungwa kabla zamu yangu haijafika. Jioni ile tulipika kwa maji ya kuazima, na Mama hakuniomba radhi. Sikutegemea aniombe.

Tulipoletwa Marekani tulianzia Buffalo: mimi, mume wangu Yona, Mama, na binti yetu Gloria ambaye wakati ule alikuwa bado anabebwa. Watu husimulia theluji ya Buffalo, nami siikatai, niliipiga koleo miaka kumi. Ila kilichonitesa zaidi kilikuwa ndani ya nyumba. Yale mabomba ya joto ukutani yalikausha hewa hadi midomo ikapasuka, pua ikatoka damu, na kifua changu kikawa kinakwaruza. Daktari wa kwanza wa huko alinipiga picha akaniambia njia zangu za hewa zimetanuka na kulegea, makohozi yanajikusanya humo badala ya kutoka, kwa hiyo nijihadhari na maambukizi ya kifua kuliko watu wengine. Nikaitikia. Nilidhani kujihadhari ni kuvaa sweta.

Jirani yetu mmoja alipokuwa anahama alituachia mashine ya unyevu, ile watoto wanayoiita humidifaya. Unaijaza maji, unaiwasha, inatoa moshi baridi mweupe. Usiku wa kwanza nililala hadi asubuhi. Mama aliiangalia kwa heshima, akasema kumbe Wazungu nao wana akili. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa yake. Kila jioni kabla ya chakula aliingia chumbani kwangu na jagi, akaongeza maji kufidia yaliyopungua, akaiwasha. Hakuna aliyemtuma.

Karatasi ya maelekezo ilikuwemo ndani ya boksi. Gloria alipojua kusoma, aliitoa siku moja akatusomea kwa kujidai, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili polepole. Mwaga maji yaliyobaki kila siku. Osha tangi, likaushe, kisha weka maji mapya. Mama akamsimamisha.

"Kila siku? Tangi likiwa nusu?"

"Ndivyo imeandikwa, Bibi."

"Aliyeandika hajawahi kupanga foleni," Mama alisema.

Tulicheka. Ninataka hilo likumbukwe, kwa sababu nilikuja kujifanya nimelisahau. Karatasi ilisomwa sebuleni kwetu kwa sauti, nami nilikuwepo, na nilicheka hadi nikakohoa.

Si kwamba Mama alikuwa mchafu. Kila Jumamosi aliisafisha mashine ile. Alichukua sufuria safi, akamimina humo maji yote ya tangi, akafuta ndani kwa kitambaa, kisha akayarudisha maji yaleyale hadi tone la mwisho. Nilimwona mara nyingi. Sikuona ajabu yoyote, maana hata mimi maji ya kuoshea mchele nayatunza hadi leo.

Yona akapata kazi ya kuendesha malori makubwa, na kampuni yake ilikuwa na kituo Louisville, basi tukahamia huko, upande wa kusini, karibu na bustani ya Iroquois. Mashine tuliipakia kwenye gari ikiwa juu ya mapaja ya Mama. Mimi nikapata kazi ghalani, shifti ya asubuhi, kufunga maboksi. Yona alikuwa nyumbani siku mbili kwa wiki, akishaamka anaondoka tena.

Majira ya baridi ya pili hapo Louisville ndipo kikohozi kilipobadilika. Kilikuwa cha asubuhi, kikawa cha kutwa. Makohozi yakawa mazito, yenye rangi nisiyoipenda. Nikaanza kutoka jasho nikiwa nimelala, Mama ananibadilishia shuka. Sketi zangu za kitenge nikazikaza kwa pini, kisha kwa pini mbili. Kazini nilikaa nikiegemea mkokoteni, na mwenzangu mmoja wa Kongo, mama mtu mzima, alikuwa ananisogezea maboksi mepesi, mazito anayachukua yeye. Sijawahi kumshukuru ipasavyo.

Na kadiri nilivyokohoa ndivyo Mama alivyoiwasha mashine. Mchana pia. Aliisogeza karibu na mto, akaelekeza moshi usoni kwangu. "Vuta, mwanangu. Kifua kinataka maji." Nami nilivuta.

Majira ya machipuko yalinikuta kwenye vyumba vya kusubiri. Ninavijua vyote: kile chenye samaki wanaoogelea kwenye tangi la kioo, kile chenye televisheni isiyo na sauti, kile cha ghorofa ya nne ambacho viti vyake vinanata. Ukikohoa mara moja watu wanakuonea huruma. Ukikohoa mara tano wanahama kiti. Mtu mweusi, mwembamba, aliyetoka kambini Afrika, anayetoka jasho usiku: hata kabla hawajanipima niliona kwenye macho yao walichokuwa wanakifikiri, na siwalaumu, nami nilikifikiri. Walinipa barakoa, wakaniambia nikae nyumbani nisichangamane na watu hadi majibu ya kifua kikuu yatoke. Habari ikafika kanisani kabla yangu. Baadaye, niliporuhusiwa kurudi, kiti cha kulia kwangu kwenye kwaya kilikuwa kitupu, na cha kushoto pia. Walinisalimia vizuri sana, kwa mbali. Iliniuma kuliko sindano.

Gloria alikuwa na miaka kumi na tatu. Akaanza kula chumbani kwake. Nikimwita ananijibu kwa Kiingereza kutoka nyuma ya mlango kwamba ana kazi za shule. Nilijua anaogopa, na nilijua haogopi kuambukizwa. Anaogopa kunitazama.

Majibu ya kwanza yalisema si kifua kikuu. Tukashukuru Mungu, Mama akapika wali. Lakini makohozi mengine yalikuwa yamepelekwa maabara kuotesha vijidudu vilivyomo, navyo huota polepole, wiki kwa wiki. Waliniita tena joto la kiangazi likiwa limeanza. Daktari alizungumza, na mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume wa Kivu mwenye sauti ya upole.

"Bon, mama, docteur anasema hii mududu haiko TB. Iko kama ndugu ya TB. Inaishiaka mu mayi na mu udongo. Donc hauwezi kuambukiza batu."

Nikamwomba arudie hapo pa mwisho, kwamba siwezi kuambukiza watu. Akarudia. Nikamwomba tena, nikaandikiwa pia karatasi ya kupeleka kazini. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nesi akaja na maswali yake. Naoga vipi? Nalima bustani? Nina bwawa la maji ya moto? Nikacheka, bwawa la maji ya moto mimi nilipate wapi. Nina mashine yoyote nyumbani inayotoa mvuke au moshi wa maji? Nikasema ndiyo, ninayo, ndiyo iliyonifikisha hapa nikiwa hai. Akaacha kuandika. Akauliza naijaza kwa maji gani, na yale yanayobaki jioni nayafanya nini.

"Tunaongezea," nilisema.

Akaniomba nipige simu nyumbani, mtu aifungue mashine chini aipige picha. Gloria ndiye aliyeipiga picha. Picha ilipofika kwenye simu yangu niliitazama nikadhani amekosea kitu. Chini kabisa, pale ambapo kitambaa cha Mama hakikufika, kulikuwa na utelezi wa rangi ya waridi, na pembeni ukoko mweupe. Nesi aliivuta picha ikawa kubwa, kisha akanirudishia simu.

Aliyoniambia ninayaandika hapa kwa maneno mepesi, kwa sababu ndiyo sababu ya maandishi haya. Vijidudu hivyo vimo hata kwenye maji ya bomba, kidogo kidogo, na mtu mwenye mapafu mazima hata havimjui. Lakini maji yakilala kwenye tangi vinajijengea nyumba, na mashine ile ya moshi baridi inavirusha hewani moja kwa moja hadi kifuani. Mwenye mapafu kama yangu ni heri asiwe nayo kabisa. Ambaye daktari wake amemruhusu, basi amwage maji kila siku, yote. Aoshe tangi na kile kitako chake kama karatasi inavyosema, aliache likauke kabisa kabla ya kujaza tena. Atumie maji yale ya galoni ya dukani yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, au yaliyochemshwa sawasawa yakapoa. Na asiilowanishe nyumba hadi madirisha yatoke jasho, maana ukungu nao ni adui. Mimi kwa pua kavu alinipa maji ya chumvi ya kupuliza, ya dukani.

"Kwa hiyo ni mashine iliyonipa ugonjwa?" nilimwuliza.

Mkalimani alitafsiri, nesi akatikisa kichwa. Alisema hawezi kujua. Inaweza kuwa mashine, inaweza kuwa bafu, inaweza kuwa udongo wa mboga zangu za lengalenga. Inaweza kuwa Buffalo, inaweza kuwa hapa. Hakuna atakayejua kwa hakika.

Hayo ndiyo aliyosema. Lakini mimi niliendesha gari kurudi nyumbani nikiwa najua.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Mashine ilikuwa mezani, Gloria ameiacha wazi. Ningeweza kuketi. Ningeweza kunywa chai kwanza. Badala yake nilisimama mlangoni na barakoa yangu mkononi, nikamwambia kila kitu kwa mpangilio mbaya, nikianza na lawama. Nilisema nilikuwa namwita Mungu usiku na yeye huku ananipulizia uchafu. Nilisema mtoto wa shule aliisoma karatasi, yeye akajiona anajua. Nilisema hapa si kambini, bomba halifungwi, hakuna foleni, anamwekea nani maji? Mkono wake ulikuwa bado kwenye ungo. Na kwa kuwa hakunijibu, nikatafuta neno kubwa zaidi, nikalipata.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia mama yangu.

Gloria alikuwa amesimama kwenye korido. Alisema, safari hii kwa Kiswahili, "Mama, acha." Nikaichukua mashine nikaenda kuitupa kwenye pipa la nje, nikasikia maji yakimwagika humo.

Mama hakulia wala hakununa. Siku mbili alizunguka nyumbani, akagawa chakula, akasali. Siku ya tatu alimpigia simu mdogo wangu Ezekieli, anayeishi Reynoldsburg, pale Columbus. Ezekieli alikuja na gari baada ya kazi. Alipokuwa anabeba sanduku la Mama nilimwambia aniambie Mama amesema nini.

"Hajasema kitu, dada. Amesema anataka kubadilisha hewa."

"Basi mwambie abaki."

"Mwambie wewe." Akafunga buti la gari. "Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Unajua mwenyewe."

Sikumwambia. Nilikuwa na hasira bado, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na sikuwa na nguvu za kushughulikia vyote viwili.

Dawa nilizianza majani yalipoanza kudondoka. Aina tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wiki yangu ikawa na siku mbaya tatu na siku nne za kuzisubiri. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa. Machozi pia, nikifuta macho leso inabaki na alama. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Tumbo lilinikatika kazini nikakimbia chooni hadi msimamizi akaniita ofisini, nikamwonesha ile karatasi. Nywele zilipungua mbele. Kila mwezi nilipimwa macho, kwa sababu kidonge kimojawapo kinaweza kuharibu uonaji wa rangi, na Gloria akajichukulia kazi ya kunijaribu nyumbani. Ananishikia kalamu zake za rangi moja moja: hii? Na hii? Ndivyo alivyorudi mezani kula. Sikumwuliza kitu, nilijibu tu kijani, buluu, zambarau.

Asubuhi na jioni napuliza kijibomba cha plastiki kinachotikisa kifua makohozi yatoke. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na haina heshima. Unatema kwenye kikopo mbele ya mtoto wako. Zamani Mama ndiye aliyekuwa ananigonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, toka kambini, na alijua mahali penyewe, chini ya bega la kushoto. Yona alijaribu siku zake mbili za nyumbani. Anapiga kama anafukuza nzi. Nilimshukuru hata hivyo.

Majira ya baridi yakaja bila mashine na bila Mama. Hewa ilikauka, pua ikatoka damu, nikapuliza maji yangu ya chumvi. Nilimpigia Mama kila Jumapili. Aliuliza kama nimekula. Niliuliza kama amelala. Hatukupita hapo, na kila tulipoagana nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Usidhani ugonjwa unawafanya watu kuwa wema. Mimi ulinifanya mtu wa kuhesabu nani kanikosea, na kila nilipohesabu nilifika kwenye ile siku ya karatasi, na kicheko changu.

Mwezi wa Februari majibu ya makohozi yangu yalitoka safi kwa mara ya kwanza. Daktari alisema tunahesabu kuanzia hapo: mwaka mzima wa makohozi safi ndipo dawa ziachwe. Mzee mmoja Mzungu ambaye tulikuwa tunakutana naye kila mwezi kwenye kile chumba cha viti vya kunata, na mtungi wake wa oksijeni, aliniona natoka nikitabasamu. Akainua kidole gumba. Mwezi uliofuata hakuwepo, wala uliofuata.

Wakati wa Pasaka nilimwambia Gloria tunaenda Columbus. Tuliondoka asubuhi ya Ijumaa Kuu, saa tatu na ushee za barabara, vidonge vyangu kwenye mkoba kwa sababu Ijumaa ni siku yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika Cincinnati nilikuwa nimeshayasahau.

Wifi yangu, mke wa Ezekieli, alitupokea mlangoni, akanivuta jikoni kabla sijavua koti.

"Wifi, sijui nimemkosea nini Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hagusi maji."

"Hagusi maji vipi?"

"Anafagia, anakunja nguo, anakaa na watoto. Lakini hapiki. Chai ya wageni hamimini. Mwanangu mdogo alimwomba maji ya kunywa, akamwambia, mwite mama yako. Bilauri ipo, bomba lipo, yeye amekaa pale pale. Tangu aje, wifi, hajampa mtu yeyote hata tone."

Mwanamke aliyewapa maji watu wa kambi nzima miaka kumi na moja. Nilijua ni nani aliyemfunga mikono, na wifi yangu maskini alikuwa anajilaumu miezi yote hiyo.

Mama alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa hewa ya hita. Amepungua.

"Umekonda," aliniambia.

"Na wewe."

"Bado unakohoa?"

"Kidogo. Asubuhi."

Niliketi chini kwenye zulia, mgongo wangu ukielekea magotini mwake, nikakohoa, na mkono wake ukaja wenyewe chini ya bega la kushoto. Akagonga mara tatu, nne, akakumbuka, akauondoa.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Karatasi ilisomwa mbele yangu. Mimi nilicheka."

"Ulicheka kwa sababu nilicheka."

"Nesi alisema hajui kama ni mashine. Ile siku sikukuambia. Inaweza kuwa bafu. Inaweza kuwa bustani. Alisema hakuna atakayejua."

Alivitazama viganja vyake.

"Nilikuwa najaza kila jioni," alisema. "Nilikuwa nasema, Mungu, mpe pumzi. Kila jioni. Na kumbe." Akaacha hapo. Mama yangu halii, lakini alishika ncha ya kitenge chake akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa kengele ya saa ya dawa. Nikavitoa vidonge kwenye mkoba, nikavishika kiganjani.

"Mama, naomba maji ya dawa."

"Mwambie wifi yako."

"Nimekuomba wewe."

"Dafo, usinifanyie hivi."

"Nimekuomba wewe, Mama."

Nilibaki na mkono nimeunyoosha. Vidonge vilianza kuacha rangi kwenye jasho la kiganja. Gloria alikuwa amekuja amesimama mlangoni.

Mama akainuka. Nikamfuata hadi jikoni, nikasimama nyuma, sikumsaidia. Birika lilikuwa na maji yaliyochemshwa asubuhi, yamepoa. Akachukua bilauri kabatini, akaishika juu kwenye mwanga, akamimina maji kidogo, akaizungusha. Kisha akasimama pale mbele ya sinki, bilauri mkononi, muda ambao sitausema kwa sababu sikuupima. Akayamwaga. Akamimina mengine, akazungusha, akamwaga. Akamimina tena, akamwaga tena, na safari hii alifumba macho maji yakienda. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Ndipo akaijaza hadi juu, akaniletea kwa mikono miwili.

Nikameza vidonge kimoja kimoja, yeye amesimama ananitazama koo. Nilivimaliza maji yakiwa bado nusu. Nikayanywa yote, kisha nikaigeuza bilauri mdomo chini juu ya kiganja changu, aone.